Metadata ya Masasisho ya Usalama katika Hazina za Vifurushi vya Linux: Mahitaji ya Hazina Nakala Kisiwani Pemba

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna metadata ya masasisho ya usalama inavyochapishwa katika hazina za vifurushi vya Linux, na yanabainisha mambo ambayo hazina nakala itakayowekwa kisiwani Pemba inapaswa kuyazingatia. Data za makala zimetokana na uchambuzi wa nyaraka za wazi, yaani faharasa za hazina, matangazo ya usalama ya mradi wa Debian na muundo wa metadata unaotumiwa na distro za familia ya RPM. Hoja kuu ni kwamba msimamizi wa seva huamua kusasisha kwa kusoma metadata inayokieleza kifurushi, si kwa kukitazama kifurushi chenyewe. Kwa hiyo, hazina inayonakili vifurushi bila kuilinda metadata yake humwondolea msimamizi uwezo wa kuamua, huku ikimwachia imani kwamba yuko salama. Makala yanachambua hatari tatu za kunakili, yaani kuchanganya, kuganda na kuvuruga mpangilio, kisha yanapendekeza tabaka la maelezo kwa Kiswahili linalotumia viwango vya tahadhari ambavyo wakazi wa pwani tayari wanavifahamu.

1.0 Utangulizi

Seva nyingi zinazohudumia ofisi, vyuo na hospitali za Afrika Mashariki huendeshwa kwa Linux. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa Tanzania Bara na Zanzibar, ni mfano mmojawapo: kwa kawaida husimikwa juu ya seva ya Linux. Mtumishi wa kituo cha afya cha Micheweni au Mkoani anayejaza takwimu za mwezi haioni Linux. Anachokiona ni fomu. Hata hivyo, usalama wa anachokijaza unategemea kama programu zilizo chini ya fomu hiyo zimezibwa nyufa zake kwa wakati.

Kazi ya kuziba nyufa hizo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mradi unaotengeneza distro, ambao hurekebisha programu na kuichapisha upya katika hazina. Upande wa pili ni wa msimamizi wa seva, ambaye hana budi kujua kwamba kuna rekebisho, kwamba linamhusu, na kwamba halipaswi kusubiri. Kinachounganisha pande hizi mbili ni metadata.

Kisiwani Pemba muunganiko huo una uzito wa pekee. Kila data inayotoka katika hazina kuu hulazimika kuvuka bahari kabla ya kufika Wete, Chake Chake au Mkoani. Kiungo kikiwa chembamba au kikikatika, msimamizi hawezi kupakua kila kilicho kipya. Ni lazima achague. Mwenye kiungo kipana anaweza kuipuuza metadata na kusasisha kila kitu kila usiku. Mwenye kiungo chembamba hana njia nyingine ya kuchagua isipokuwa kwa kusoma metadata. Kwa sababu hiyo, suala ambalo katika miji mikubwa huonekana kuwa la kiufundi tu, kisiwani linakuwa suala la nani anaweza kujilinda na nani hawezi.

2.0 Istilahi za Msingi

Kabla ya kuendelea, ni vyema istilahi chache zifafanuliwe kama zinavyotumika katika makala haya.

Distro ni mkusanyiko wa programu za Linux unaotayarishwa na kutolewa na mradi mmoja, kama vile Debian, Ubuntu au Fedora.

Kifurushi ni faili moja iliyobeba programu pamoja na maelekezo ya kuisimika. Neno hili linahitaji uangalifu, kwa kuwa kwa msemaji wa Tanzania ya leo kifurushi ni kwanza dakika au megabaiti anazonunua kwenye simu. Maana hiyo ya pili haikusudiwi hapa.

Hazina ni seva inayohifadhi vifurushi pamoja na faharasa zake. Hazina nakala ni ile inayonakili hazina kuu ili watumiaji wa karibu wasilazimike kwenda mbali.

Metadata ni taarifa inayoeleza taarifa nyingine. Mkulima wa karafuu wa Pemba anaifahamu dhana hii hata kama hajalisikia neno lenyewe. Gunia lake likifika katika kituo cha ununuzi cha ZSTC hupimwa uzito na kupangiwa daraja, na yote huandikwa katika stakabadhi. Stakabadhi si karafuu, wala hainukii. Lakini bila hiyo hakuna anayeweza kusema gunia ni la nani, lina kilo ngapi na ni la daraja gani.

Metadata ya usalama, ambayo ndiyo mada ya makala haya, hujibu maswali matano: ni udhaifu gani uliogunduliwa, ni kifurushi gani kinachoathirika, ni kuanzia toleo lipi ambapo udhaifu umezibwa, una uzito kiasi gani, na tangazo lilitolewa lini. Swali la kwanza kwa kawaida hujibiwa kwa namba ya CVE, mfumo wa utambulisho wa udhaifu ulioanza mwaka 1999 na ambao leo unatumika kama lugha ya pamoja kati ya distro zote.

3.0 Namna Metadata ya Usalama Inavyochapishwa

Distro hazifuati njia moja. Kwa ajili ya ufafanuzi, zinaweza kugawanywa katika familia mbili.

3.1 Familia ya Debian

Debian hutenganisha masasisho ya usalama kwa mahali. Masasisho ya kawaida huwa katika hazina kuu, na ya usalama huwa katika hazina yake ya pekee. Kila hazina ina faili iitwayo InRelease, ambayo hutaja jina la hazina, tarehe iliyotolewa na alama za uhakiki za faharasa zote. Katika hazina ya usalama, faili hiyo hubeba lebo ya Debian-Security. Programu ya kusasisha bila kusimamiwa, unattended-upgrades, huitegemea lebo hiyo kutambua kwamba kifurushi fulani ni cha usalama.

InRelease hutiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa mradi. Kutokana na sahihi hiyo hujengeka mnyororo wa uthibitisho: sahihi huthibitisha InRelease, InRelease huthibitisha faharasa ya Packages kwa alama ya SHA-256, na Packages huthibitisha kila kifurushi kwa njia hiyohiyo. Kifurushi kikibadilishwa njiani, hata kwa herufi moja, alama haitalingana na mashine itakikataa.

Maelezo ya udhaifu wenyewe hayamo ndani ya mnyororo huo. Hutolewa kwa njia ya matangazo yenye namba za DSA, na kuhifadhiwa katika kifuatilizi cha usalama cha mradi, ambacho huweza kupakuliwa kwa muundo wa JSON au OVAL. Ni muhimu jambo hili likumbukwe: anayenakili hazina ya Debian peke yake amenakili vifurushi na faharasa, lakini hajanakili maelezo ya sababu ya vifurushi hivyo kutolewa.

3.2 Familia ya RPM

Distro zinazotumia vifurushi vya RPM hufuata njia nyingine. Faili kuu ni repomd.xml, ambayo huorodhesha faharasa nyingine na alama zake za uhakiki. Miongoni mwa faharasa hizo kunaweza kuwamo updateinfo.xml, na humo ndimo kila sasisho hupewa namba ya tangazo, aina yake, kiwango cha uzito, tarehe, marejeo ya CVE na orodha ya vifurushi vinavyohusika. Msimamizi anapoiamuru programu ya dnf isimike masasisho ya usalama tu, faili hiyo ndiyo inayosomwa.

Tumesema kunaweza kuwamo, kwa sababu si lazima iwemo, na hapa ndipo penye funzo kubwa zaidi. Hazina za msingi za CentOS zilichapisha vifurushi vyenye marekebisho ya usalama bila updateinfo yake. Msimamizi aliyeiomba mashine masasisho ya usalama tu alijibiwa kwamba hakuna linalohitajika. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa mujibu wa faharasa, na lilikuwa la uongo kwa mujibu wa hali halisi. Vifurushi vilikuwepo, kilichokosekana ni maandishi ya kuvitambulisha. AlmaLinux na Rocky Linux, zilizochukua nafasi ya CentOS kwa watumiaji wengi, huchapisha metadata hiyo.

Tofauti ya familia hizi mbili inaweza kufupishwa hivi: katika Debian, usalama hutambulishwa na mlango ambao kifurushi kimepitia, katika RPM, hutambulishwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kifurushi. Mlango ukizibwa, au karatasi ikibanduka, kifurushi hubaki kilekile ila hakuna anayekijua.

4.0 Kwa Nini Namba ya Toleo Haitoshi

Huenda ikadaiwa kwamba msimamizi makini hahitaji metadata yote hiyo, kwa kuwa anaweza kuisoma namba ya toleo. Matukio ya mwaka 2024 yanaonesha udhaifu wa dai hilo.

Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri uliopachikwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data inayotegemewa na takriban kila distro. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2024-3094. Toleo imara la Debian halikuathirika, lakini matawi ya majaribio yaliathirika. Ili kuyarudisha nyuma, mradi ulitoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1. Mashine za Linux hupanda kwenda toleo kubwa zaidi na hazishuki zenyewe. Hivyo ilibidi programu ya zamani na salama ivishwe namba inayoonekana mpya. Anayeisoma namba hiyo kwa haraka ataiona 5.6.1 na kudhani ana toleo lenye mlango wa siri, ilhali ana tiba yake.

Tarehe 1 Julai 2024 ulitangazwa udhaifu wa OpenSSH, programu ambayo wasimamizi huitumia kuziingia seva kutoka mbali. Kampuni ya Qualys ilionesha kwamba kosa lililowahi kuzibwa mwaka 2006 lilikuwa limerejea kuanzia toleo 8.5p1, na kwamba mshambuliaji asiye na nywila angeweza kupata mamlaka yote ya seva. Katika majaribio yao kwenye mifumo ya biti 32, shambulio lilihitaji kwa wastani majaribio 10,000 na takriban saa 6 hadi 8. Udhaifu huo, CVE-2024-6387, ulizibwa na watengenezaji wa OpenSSH katika toleo 9.8. Hata hivyo, Debian 12 haikupandishwa hadi 9.8. Kwa kufuata utaratibu wake wa kutobadilisha toleo imara, mradi ulichukua rekebisho pekee na kulitia ndani ya toleo la zamani, likawa 1:9.2p1-2+deb12u3. Debian 11, yenye OpenSSH 8.4p1, haikuathirika kabisa.

Kwa hiyo, siku moja baada ya tangazo, wasimamizi watatu wangeweza kuwa katika hali tatu tofauti. Mwenye 9.2p1 iliyosasishwa alikuwa salama ingawa namba yake ilikuwa chini ya 9.8. Mwenye 9.2p1 isiyosasishwa alikuwa hatarini kwa namba inayofanana na ya mwenzake isipokuwa kwa herufi za mwisho. Mwenye 8.4p1 alikuwa salama kwa sababu ya ukongwe wa programu yake. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeijua hali yake kwa kulinganisha namba ya programu na habari zilizosambaa duniani. Kila mmoja alihitaji sentensi moja iliyochapishwa na distro yake: udhaifu huu, katika toleo letu hili, umezibwa kuanzia hapa.

5.0 Hatari Tatu za Hazina Nakala

Hazina nakala ni suluhisho linaloeleweka kwa kisiwa. Chuo au taasisi yenye seva moja Pemba inaweza kupakua masasisho mara moja, na mashine nyingine zote zikayachukua kwa mtandao wa ndani. Lakini suluhisho hilo lina hatari zake, na zote zinahusu metadata kuliko vifurushi.

5.1 Kuchanganya

Ili kuokoa nafasi na kazi, msimamizi anaweza kuzikusanya hazina mbili za Debian, ya kawaida na ya usalama, na kuzifanya hazina moja yenye faharasa mpya aliyoitengeneza mwenyewe. Vifurushi vyote vitakuwemo. Hata hivyo, lebo ya Debian-Security itakuwa imepotea, na mashine zilizopangwa kusimika masasisho ya usalama peke yake hazitaona hata moja. Aidha, faharasa mpya haina sahihi ya mradi. Italazimu kutiwa sahihi ya ndani, na kuanzia hapo watumiaji wote watakuwa wanaziamini kazi za mtu mmoja na ufunguo wake badala ya mradi mzima. Hali iliyoelezwa kuhusu CentOS inajirudia hapa kwa sura nyingine: mashine inasema hakuna jipya, na inasema kweli kwa kadiri ya ilichooneshwa.

Kinga yake ni kunakili faharasa na sahihi zake kama zilivyo, bila kuzigusa, na kuziacha hazina mbili zibaki mbili.

5.2 Kuganda

Sahihi ya kidijitali huthibitisha kwamba waraka umetoka kwa mwenyewe. Haithibitishi kwamba ndio waraka wa karibuni. Mwaka 2008, Justin Cappos na wenzake walionesha uzito wa tofauti hiyo. Walifanikiwa kuifanya seva yao iorodheshwe kama hazina nakala rasmi ya distro kadhaa, na wakaeleza jinsi mwenye hazina kama hiyo anavyoweza kuwaonesha watumiaji hali ya zamani ya hazina, yenye sahihi halali kabisa, ili wasijue kuwa kuna marekebisho mapya.

Kwa hazina ya kisiwani, kuganda hakuhitaji mwenye nia mbaya. Hitilafu ya umeme, diski iliyojaa au kukatika kwa kiungo kunatosha. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Tukio hilo lilikuja wiki 6 hivi baada ya tangazo la xz na wiki 7 kabla ya tangazo la OpenSSH. Lau matukio hayo yangekutana, hazina nakala iliyoganda ingeendelea kuzihudumia mashine zake kwa utulivu, kana kwamba dunia imelala.

Debian imeweka kinga dhidi ya hali hiyo. InRelease ya hazina ya usalama ina kipengele cha Valid-Until, ambacho huipa faharasa uhai wa takriban siku 7. Muda ukipita bila faharasa mpya, programu ya apt hukataa kuendelea na kutoa onyo. Wasimamizi walio mbali na mtandao mara nyingi huliona onyo hilo kuwa kero, na ipo amri ya kulizima. Makala haya yanashikilia kwamba lisizimwe. Onyo hilo si hitilafu ya mfumo. Ni taarifa pekee ambayo mashine inaweza kuitoa kuhusu jambo isilolijua. Aliyelizima amechagua kutoambiwa.

Lipo jibu bora zaidi kwa kiungo kilichokatika. Kwa kuwa uaminifu umo katika sahihi na tarehe, na haumo katika njia iliyotumika kusafirisha, hazina yenye sahihi inaweza kubebwa katika flashi ndani ya boti kutoka Unguja hadi Mkoani, na mashine ikaihakiki kwa ukali uleule kama iliyokuja kwa mkongo. Faharasa ikiwa imebadilishwa, itakataliwa. Ikiwa imechakaa, itakataliwa pia. Metadata kamili ndiyo inayoyafanya mawimbi ya bahari kuwa njia halali ya kusafirishia masasisho.

5.3 Kuvuruga mpangilio

Hazina hubadilika wakati inaponakiliwa. Faharasa mpya ikifika kabla ya vifurushi inavyovitaja, mashine zitaelekezwa kwenye faili zisizokuwepo, na usasishaji utashindikana. Mpangilio sahihi ni kuleta vifurushi kwanza, kisha faharasa, na InRelease mwisho kabisa. Ya zamani hufutwa baada ya hapo. Zana ya mradi wa Debian ya kunakili, ftpsync, hufanya hivyo kwa awamu mbili. Katika kiungo cha haraka, pengo kati ya awamu hizo ni dakika chache. Katika kiungo chembamba linaweza kuwa saa nyingi, na ndiyo maana mpangilio ambao kwingine ni desturi njema tu, Pemba ni sharti.

Hata hivyo, upo upande wa pili wa jambo hili. InRelease ya hazina ya usalama ina ukubwa wa makumi ya kilobaiti, ilhali kifurushi cha kiini cha Linux kinaweza kufikia makumi ya megabaiti. Hivyo inafaa hazina nakala iisome metadata mpya kila siku bila kuitangaza kwa mashine, iitumie kujua ni vifurushi vipi vina uzito mkubwa, ivipe hivyo nafasi ya kwanza katika upakuaji, na iichapishe faharasa kwa watumiaji pale tu seti nzima inapokamilika. Katika siku ambayo kiungo kinaruhusu kifurushi kimoja tu kupita, msimamizi atajua kwamba openssh inatangulia mbele ya programu ya kuchorea.

6.0 Lugha ya Tangazo

Hadi hapa metadata imejadiliwa kama kitu kinachosomwa na mashine. Lakini sehemu yake moja, maelezo ya udhaifu, imekusudiwa msomaji mtu. Kwa kuwa tangazo hutolewa kwa Kiingereza cha kitaalamu, mkuu wa kituo anayepaswa kuidhinisha kuzimwa kwa seva kwa nusu saa mara nyingi hana anachoweza kukisoma ili aidhinishe.

Juhudi za kuisogeza programu huria karibu na Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Juhudi za aina hiyo zililenga sura ya programu, yaani menyu na vitufe anavyoviona mtumiaji. Lugha ya usimamizi, na hasa ya tahadhari, ilibaki nyuma.

Tatizo la kwanza la kutafsiri ni viwango vya uzito. Distro kadhaa za RPM hutumia viwango vinne: “Critical”, “Important”, “Moderate” na “Low”. Tafsiri ya neno kwa neno huleta matokeo mabaya. “Important” ikiwa “muhimu”, sasisho la kiwango cha pili linaonekana kuwa sawa na kila tangazo muhimu ambalo msomaji hupokea kila siku, na pia huzua swali kama yaliyobaki si muhimu. “Critical” ikiwa “mahututi”, neno linamhamisha msomaji hadi wodini, kwa kuwa mahututi ni mgonjwa na si programu.

Pwani ya Tanzania tayari ina mfumo wa viwango ambao umekwisha kujaribiwa na watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa ngazi za kutokuwepo tahadhari, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na huambatanisha uwezekano wa kutokea, kiwango cha athari na athari zinazoweza kujitokeza. Mvuvi wa Wete na abiria wa boti wanaelewa tofauti ya angalizo na tahadhari kubwa bila kuhitaji kamusi, kwa sababu kila ngazi imefungamana na kitendo: kuendelea na shughuli, kujiandaa, au kutotoka kabisa. Makala haya yanapendekeza kwamba viwango vinne vya uzito viwasilishwe kwa ngazi hizo nne. Faida yake haiishii katika urahisi wa maneno. Ngazi hizo zinamzoesha msomaji kutenganisha uwezekano na athari, jambo ambalo neno moja la uzito hulificha.

Tatizo la pili ni mpaka wa tafsiri. Namba ya CVE, namba ya tangazo, jina la kifurushi, namba ya toleo na neno la kiwango linalosomwa na mashine havipaswi kuguswa, kwa kuwa mabadiliko yoyote hapo huuvunja mnyororo wa uthibitisho. Kinachotafsiriwa ni maelezo na hatua. Debian yenyewe imekwisha kutoa mfano wa namna ya kufanya hivyo: tafsiri za maelezo ya vifurushi huwekwa katika faili za pekee zinazoitwa Translation, kila lugha na yake, nje ya Packages lakini ndani ya mnyororo uleule wa sahihi. Kwa matangazo ya usalama, kiwango cha CSAF 2.0, kilichopitishwa na OASIS mwaka 2022, kina sehemu ya kutaja lugha ya waraka na lugha ya asili ulikotafsiriwa. Updateinfo.xml haina sehemu kama hiyo; kwa distro za RPM, tabaka la Kiswahili litalazimika kukaa kando na kuunganishwa kwa namba ya tangazo.

Kwa kufuata kanuni hizo, tangazo la OpenSSH lingeweza kumfikia msomaji wa Pemba hivi:

Namba ya tangazo: DSA-5724-1
Tarehe: 1 Julai 2024
Kifurushi: openssh
Udhaifu: CVE-2024-6387
Ngazi: Tahadhari kubwa
Debian 12: umezibwa kuanzia 1:9.2p1-2+deb12u3
Debian 11: haikuathirika
Maelezo: Mtu aliye nje, asiye na akaunti wala nywila, anaweza kupata mamlaka yote ya seva kwa kurudia kuunganisha na kuuacha muda wa kujitambulisha upite. Mpangilio wa kawaida wa programu umo hatarini.
Hatua: Sasisha kifurushi cha openssh-server. Hadi hapo, ruhusu kuingia kwa SSH kutoka mtandao wa ndani pekee.

Ngazi iliyowekwa hapo ni pendekezo la mfasiri na haimo katika tangazo la asili, na hivyo ndivyo inavyopaswa kubainishwa katika faili. Mistari mingine ya utambulisho ni ya mradi na imeachwa kama ilivyo. Msomaji anayetaka kuhakiki anayo namba ya kumrudisha kwenye asili.

Nani aifanye kazi hii ni swali la kitaasisi. Usanifishaji wa istilahi ni wajibu wa BAKIZA kwa upande wa Zanzibar na BAKITA kwa upande wa Bara. Utoaji wa tahadhari za mtandao ni kazi ya TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na vyuo vyenye idara za Kiswahili na za kompyuta chini ya paa moja, kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar chenye kampasi Pemba, vina wataalamu wa pande zote mbili. Kazi haihitaji kutafsiri kila tangazo. Inatosha kuanza na vifurushi vilivyomo katika seva zilizopo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kuchapisha sasisho la usalama ni vitendo viwili, kutoa kifurushi na kutoa maelezo yanayokitambulisha, na kwamba kitendo cha pili ndicho kinachomwezesha mtumiaji kuamua. Hazina za CentOS zimeonesha kwamba maelezo yakikosekana, mashine haikai kimya. Hutoa jibu la kutuliza lisilo la kweli. Matukio ya xz na OpenSSH yameonesha kwamba namba ya toleo haiwezi kuchukua nafasi ya maelezo hayo.

Kwa hazina nakala ya Pemba, mahitaji yanayotokana na uchambuzi huu ni manne. Faharasa na sahihi zinakiliwe bila kubadilishwa, na hazina ya usalama ibaki na mlango wake. Ukomo wa uhai wa faharasa uheshimiwe hata pale unapoleta usumbufu. Vifurushi vitangulie na InRelease ifuate, huku metadata ikitumika kupanga kipaumbele cha upakuaji. Na maelezo yawekewe tabaka la Kiswahili linalotenganisha kwa uwazi kilicho cha mradi na kilicho cha mfasiri.

Mahitaji hayo hayahitaji mkongo mpya wala seva kubwa. Yanahitaji kwamba makumi ya kilobaiti yanayokuja kabla ya kifurushi yapewe thamani sawa na megabaiti zinazoyafuata, kwa kuwa ni hayo yanayomwambia msimamizi aliye Chake Chake kama usiku huu anaweza kuizima taa ya ofisi na kwenda nyumbani, au abaki.